Karafuu Utaanika Wapi? Mafunzo Sita Niliyopata kwa Kujichorea Nyumba Pemba

Nyumba yangu iko nje kidogo ya mji wa Wete. Nilianza kuichora mwenyewe kwenye daftari la hesabu, nikampelekea fundi mwashi, mzee aliyejenga nyumba nyingi za mtaani kwetu. Aliutazama mchoro kwa muda, kisha akaniuliza: "Mwanangu, karafuu utaanika wapi?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimehesabu vyumba vya kulala na kuisahau kazi inayotulisha.

1. Orodhesha kazi kabla ya vyumba

Msimu wa karafuu ukifika, jioni tunakaa pamoja kuchambua: karafuu huku, makonyo kule. Kesho yake majamvi yanatandikwa juani, siku baada ya siku mpaka zikauke. Wingu likitanda, kila mtu anakimbilia jamvi. Kazi hiyo inataka uwanja usio na kivuli, baraza pana na upenu mrefu. Nilipunguza ukumbi, nikaipa baraza upana wa mita mbili na nusu. Kazi yako huenda ni kushona, kupika vya kuuza au kusomesha watoto chuo. Iandike kwanza, ndipo ushike rula.

2. Elekeza nyumba kabla ya kuipamba

Kwetu Pemba, kibla ni karibu kaskazini kabisa, kwa kuwa longitudo yetu na ya Makka zinakaribiana mno. Choo hakitakiwi kuelekea kibla wala kukipa mgongo, hivyo nikakielekeza mashariki na magharibi. Kisha nikaziacha kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini. Jua la asubuhi na la alasiri, ambalo ndilo linalochoma zaidi, likabaki na kuta fupi tu. Kaskazini na kusini zimechukua majina ya pepo zetu: kaskazi, inayovuma kati ya Desemba na Machi, na kusi, inayoifuata. Nikayapanga madirisha yatazamane kwa pande hizo. Tangu 2010 umeme wetu unatoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Ukikatika usiku, feni linasimama, lakini chumba bado kinapata hewa.

3. Pima kwa kamba na vigingi

Wazee walijenga vyumba vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haibebi dari pana zaidi ya mita tatu hivi. Zege limeondoa mpaka huo, kwa hiyo kosa ni rahisi kufanyika. Kwenye karatasi, chumba cha watoto cha mita 2.4 kwa 2.7 kilinitosha. Nilipokichora ardhini kwa kamba na kuweka alama za vitanda viwili vya futi tatu na nusu, njia ya kupita katikati haikufika sentimita 30. Kukirekebisha siku ile kulinigharimu vigingi vinne.

4. Waulize watakaoishi humo

Mchoro wangu wa kwanza uliuunganisha ukumbi na jiko, kama nilivyoona Dar es Salaam. Mama aliuliza: "Wageni wa kiume wakija, mie nipite wapi?" Nyumba za kale za pwani zililijibu swali hilo kwa daka na baraza kwa mbele, na ua kwa nyuma. Nikaongeza mlango wa uani na kiambaza kinachokinga macho ya anayesimama mlangoni. Mama sasa anatoka na kuingia bila kusubiri wageni waondoke.

5. Kione kiwanja wakati wa masika

Pemba ni vilima na mabonde. Mimi nilikikagua kiwanja kiangazi, nikachimba shimo la choo upande wa juu wa kisima. Masika yalipofika niliona maji yakiteremka kutoka shimoni kuelekea kisimani. Nililifukia, nikachimba jengine upande wa chini, zaidi ya mita 30 kutoka kisimani. Fedha ya shimo lile la kwanza ingetosha kununua mabati ya jiko zima.

6. Mlipe mtaalamu kwa yale usiyoweza kuyaona

Nilidhani kumwita mhandisi ni anasa. Hatimaye nilimlipa kwa ziara moja tu, naye akagusa mambo matatu. Alikataa mchanga wa ufukweni, kwa kuwa chumvi yake hula nondo ndani ya zege. Alitaka lenta izunguke nyumba nzima bila kukatika. Na alitaka paa lifungwe kwa vyuma kwenye lenta ile, upepo usiling'oe. Dhoruba ya Aprili 1872 iling'oa mikarafuu mingi ya Unguja na kuiacha Pemba kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo karafuu ikawa zaidi yetu. Huo ulikuwa msamaha wa siku moja, hauwezi kuwa dhamana ya paa langu. Maisha ya nyumbani mwangu nayajua mimi kuliko yeye. Uzito na nguvu za upepo anavijua yeye kuliko mimi.

Msimu uliopita mvua ilitushukia ghafla mchana. Tulikuwa wanne, majamvi sita. Yote yaliingia chini ya upenu kabla hayajalowa. Mzee fundi alikuwa amekaa barazani na kikombe chake cha kahawa. Aliinua miguu tu, tukampitisha jamvi la mwisho.