Riba Katika Mizani ya Wazungu

Wako katika ndugu zetu wadhanio kwamba wayaonayo Wazungu kuwa mema leo ndiyo waliyoyaona mema tangu zamani, na kwamba akatazaye riba hajui biashara. Basi na watazame tarikhi ya Wazungu wenyewe.

Kanisa lao liliharimisha riba, chache na nyingi. Mkutano wa maaskofu wa Lateran, mjini Roma, mwaka 1139, uliwalaani walaji riba; na mwaka 1179 ikaamuriwa kwamba mla riba ajulikanaye asizikwe maziko ya Kikristo. Hoja yao ilikuwa kwamba fedha haizai, na wakati ni wa Mungu, hauuzwi.

Kisha biashara ikapanuka, na wenye mali na wafalme wakahitaji mikopo. Mwaka 1545 Calvin, mwanachuoni wa Kiprotestanti wa Geneva, aliandika kwamba si riba yote iliyo haramu, ila maskini asitozwe. Mwaka huo huo Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza akaruhusu riba isiyozidi 10 kwa 100. Mwaka 1552 ikakatazwa tena. Mwaka 1571 ikarudi. Mwaka 1787 Bentham akatoa kitabu cha kuitetea, akisema mtu mzima mwenye akili asizuiliwe kukopa kwa masharti ayaridhiayo. Mwaka 1854 Bunge likaifuta mipaka yote. Hata jina likageuka: lililokuwa la kila ziada juu ya deni likabakia kwa ziada iliyopindukia tu.

Lakini dhiki ya maskini haikugeuka. Mwaka 2015 Uingereza iliweka mpaka tena juu ya mikopo midogo ya muda mfupi: riba na ada zote zisizidi deni lenyewe. Aliyekopa 100 asilipe zaidi ya 200.

Hatuyasemi haya kwa kuwacheka. Miongoni mwao walikuwamo waliotafuta haki. Tusemalo ni kwamba tendo lilikuwa lile lile, na hukumu ikafuata haja za wenye mali. Nasi tujihadhari, kwani tumekwisha kuiita riba “faida”, ilhali katazo lake limo katika Suratul Baqara.

Tena katazo peke yake halimlishi mwenye njaa. Jirani akija kutaka mkopo mwema tukamfungia mlango, tumemsukuma wenyewe kwa mla riba. Basi kila mwenye wasaa na akopeshe bila ya ziada, na amngojee mwenye dhiki mpaka apate. Mwenyezi Mungu atuwafikie.