Kutaka Kuonekana Unaweza: Madhara Yake Kazini na Nyumbani



Kila mtu anapenda kuheshimiwa. Kwa mkimbizi hamu hiyo huwa kubwa zaidi. Kwenu ulikuwa mwalimu, muuguzi, fundi au mkulima mwenye shamba lake, na watu walikufahamu. Hapa kambini unatambuliwa kwa namba ya kadi ya posho. Si ajabu ukitaka kuonyesha kila siku kwamba bado wewe ni mtu. Hamu hiyo si kosa. Inakuwa hatari pale inapokuzuia kuuliza, kusahihishwa au kuomba msaada.

KAZINI

Tuchukue mfano wa utepe wa rangi unaopima mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Zamani mtoto alihesabiwa kuwa na utapiamlo mkali mkono ukiwa chini ya sentimita 11.0. Mwaka 2009 WHO na UNICEF walipandisha kiwango hicho kuwa 11.5.

Sasa fikiria mhudumu wa afya aliyejifunza kazi kabla ya mwaka huo. Anapima mtoto, anapata 11.2. Mwenzake kijana anamwambia, "Kaka, huyu yuko kwenye nyekundu, tumpeleke kituoni." Yeye anaona amedharauliwa mbele ya mama wa mtoto. Anajibu, "Kazi hii nimeianza wewe ukiwa bado unanyonya!" Mama anarudi nyumbani na mtoto wake. Mhudumu amelinda jina lake, lakini mtoto amekosa matibabu. Na yule kijana, siku nyingine akiona kosa, atanyamaza.

NYUMBANI

Baba asiyepata kazi anaweza kuona amepoteza nafasi yake, hasa kama kadi ya posho inashikwa na mke. Ili aonekane bado ni mwenye nyumba, anauza unga na mafuta awanunulie marafiki pombe, au anapinga kila neno la mke hata likiwa jema. Mama naye anaweza kuuza posho ili sherehe yake ipite ya jirani. Kabla ya mgao unaofuata sufuria ni tupu, na ugomvi unaanza. Ugomvi ukifika kwenye kupigana, usifiche. Aliyeumizwa aende kituo cha afya mapema.

DALILI ZA KUJICHUNGUZA

- Unaona aibu kusema "sijui".
- Ukisahihishwa, unakasirika kabla ya kusikiliza.
- Hugawi kazi kwa sababu unaogopa mwingine atasifiwa.
- Unatumia usichokuwa nacho ili majirani wakuone.
- Hupati usingizi kwa kufikiria watu wanakusemaje.

UFANYE NINI?

1. Zoea kusema, "Sijui, ngoja niulize." Kuuliza si ujinga.
2. Ukisahihishwa, pima tena kwanza, halafu jibu.
3. Mshukuru aliyekuonyesha kosa, hata akiwa mdogo kwako.
4. Mume na mke, pangeni matumizi ya posho pamoja siku ileile ya mgao.
5. Moyo ukiendelea kuwa mzito, zungumza na mtu unayemwamini au mhudumu wa afya.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

- Yule kijana angeweza kumsahihisha mwenzake kwa njia gani bila kumvunjia heshima?
- Katika bloku yenu, mtu anaheshimiwa kwa nini hasa?
- Wiki hii, ni jambo gani moja utakalomuuliza mwenzako?