SOMO: MJI UKIFILISIKA, NANI HULIPWA KWANZA?



Katika somo hili tutajifunza kusoma bajeti. Wengi wetu tukisikia neno bajeti tunasema hiyo ni kazi ya wahasibu. Lakini bajeti ni foleni tu ya watu wanaongoja kulipwa. Fedha zikiwa nyingi, wote hulipwa, na hakuna anayeuliza nani ametangulia. Fedha zikipungua, wa mbele hulipwa na wa nyuma huambiwa sanduku ni tupu. Kwa hiyo ni lazima mfanyakazi ajue amesimama wapi.

Mfano wetu ni Central Falls, mji mdogo katika jimbo la Rhode Island, Marekani. Tumeuchagua kwa sababu ni mji wa wafanyakazi, na hesabu zake si kubwa mno kwa mwanachama kuzifuata.

1. MJI WENYEWE

Central Falls ina eneo la hekta 330 hivi tu. Yako mashamba ya chai makubwa kuliko hapo. Hata hivyo, mwaka 2010 mji huo ulikuwa na watu zaidi ya 19,000. Ni mji uliokua kwa viwanda vya nguo. Katika mji jirani wa Pawtucket, mwaka 1793, kilijengwa kiwanda cha Slater cha kusokota pamba kwa nguvu ya maji ya mto, na viwanda vingi vikafuata kando ya mto huo. Mwaka 1934, wakati wa mgomo mkubwa wa wafanyakazi wa nguo nchini Marekani, askari waliwafyatulia risasi wagomaji katika makaburi ya Central Falls. Baadaye viwanda vilifungwa kimoja baada ya kingine, wenye mali wakahamia kwenye kazi rahisi, na wakazi wakabaki. Wengi wao leo ni watu waliotoka nchi za Amerika ya Kusini na ya Kati, wenye mishahara midogo.

2. FEDHA ZILIPOTELEA WAPI?

Mji kama huo hupata fedha kwa njia mbili kubwa: kodi ya majengo, na ruzuku ya serikali ya jimbo. Uchumi wa Marekani ulipozorota kuanzia mwaka 2007, njia zote mbili ziliziba pamoja. Bei za nyumba zilianguka na watu wengi wakanyang'anywa nyumba kwa kushindwa kulipa mikopo. Katika jimbo la Rhode Island wasio na kazi walipita asilimia 11. Serikali ya jimbo nayo ikapunguza ruzuku kwa miji. Mji ulikuwa pia ukitegemea malipo kutoka gereza lililojengwa hapo, na malipo hayo yakapungua.

Lakini kuzorota kwa uchumi kulifunua tu tundu lililokuwapo zamani. Kwa miaka mingi mji uliwaahidi polisi na wazimamoto wake pensheni, bila kutia katika mfuko fedha za kutosha kuitimiza ahadi hiyo. Kila mwaka deni liliahirishwa, na kila mwaka bajeti ilionekana imekaa sawa. Ilipofika mwaka 2011, pengo la pensheni na matibabu ya wastaafu lilikuwa kama dola milioni 80. Bajeti ya mji kwa mwaka mzima ilikuwa kama dola milioni 17. Maana yake, hata kama mji ungefunga kila ofisi na kuzima kila taa, usingelimaliza deni hilo kwa mapato ya miaka minne.

3. FOLENI ILIVYOPANGWA

Mwaka 2010 serikali ya jimbo iliuweka mji chini ya msimamizi. Meya na baraza waliochaguliwa na wananchi waliondolewa madaraka. Mwezi Julai 2011 msimamizi, Robert Flanders, aliyepata kuwa jaji wa mahakama kuu kabisa ya jimbo, aliwaita wastaafu akawaomba wakubali kwa hiari yao kupunguziwa pensheni, wengine hadi nusu. Wengi walikataa. Tarehe 1 Agosti 2011 mji ukaomba mahakamani kutambuliwa kuwa umefilisika. Mikataba ya vyama vya wafanyakazi ikawekwa kando.

Sasa sikilizeni vizuri. Mwezi Julai 2011, kabla tu ya mji kwenda mahakamani, bunge la jimbo lilipitisha sheria iliyowapa waliokopesha miji haki ya kwanza juu ya mapato ya kodi. Hao ni wale wenye kununua hati za mikopo: mabenki, mifuko ya fedha na matajiri. Sababu iliyotolewa ni kwamba wakopeshaji wasipolipwa Central Falls, wataitoza riba kubwa miji mingine yote ya jimbo. Sababu hiyo ina uzito, wala tusiipuuze. Lakini tazameni matokeo yake. Wakopeshaji walilipwa kila senti. Wastaafu walipunguziwa pensheni, wengine hadi asilimia 55.

Tufanye hesabu. Mzee aliyekuwa akipata dola 1,000 kwa mwezi, akikatwa asilimia 55, anabaki na dola 450. Kodi ya nyumba haikupungua, bei ya dawa haikupungua. Na mzee wa miaka 70 aliyekuwa akizima moto hawezi kurudi kupanda ngazi.

Wastaafu hawakulala. Walizungumza kwa sauti moja, wakiwa na mwanasheria wao, na baada ya majadiliano walipata jambo moja: serikali ya jimbo ilitoa fedha ili kwa muda wa miaka mitano asiwepo atakayepata chini ya robo tatu ya pensheni yake ya zamani. Kwa mzee wetu, 450 ikawa 750. Tofauti hiyo ya dola 300 kila mwezi ililetwa na umoja wao. Kila mmoja angalikwenda peke yake, asingalipata kitu.

4. MJI ULIVYOINUKA

Mwezi Septemba 2012 mahakama iliukubali mpango wa kulipa madeni, na mji ukatoka katika kufilisika. Mpango ulikuwa mkali. Kodi ya majengo ilipangwa kupanda asilimia 4 kila mwaka kwa miaka mitano. Wafanyakazi waliobaki waliingia mikataba mipya, wakachangia zaidi gharama za matibabu. Mji ulitakiwa kuhakikisha kila mwaka matumizi hayapiti mapato, na fedha za pensheni zitiwe mfukoni kila mwaka bila kuahirishwa.

Wakazi nao walikuwa na fungu lao la kulinda. Maktaba ya mji ilifungwa Julai 2011 kwa kukosa fedha, na mwezi uliofuata ikafunguliwa tena kwa kazi ya watu wa kujitolea. Mwisho wa mwaka 2012 wananchi walipata tena nafasi ya kuchagua meya, wakamchagua James Diossa, kijana wa miaka 27. Alifuata mpango, na katika miaka iliyofuata mji ulianza kuaminiwa tena na wakopeshaji. Mwezi Januari 2023 stesheni mpya ya reli inayohudumia Pawtucket na Central Falls ilifunguliwa, na watu wa hapo sasa hupanda treni kwenda kazini Boston.

Basi ni kweli mji uliinuka. Tukisimulia habari hii, tusimulie pia mabega uliyopanda ukiinuka: wastaafu, walipa kodi wa nyumba ndogo, na wafanyakazi wa mji.

5. SISI TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, nafasi katika foleni hupangwa kabla ya siku ya njaa. Sheria iliyowatanguliza wakopeshaji ilipitishwa haraka, na wao walikuwa na watu wa kuwasemea. Wahenga walisema: asiyekuwepo na lake halipo. Chama kisichofuatilia sheria na bajeti hukuta foleni imekwisha pangwa.

Pili, ahadi isiyotiwa fedha ni karatasi. Polisi na wazimamoto wa Central Falls walikuwa na mkataba wenye sahihi na mhuri. Kilichokosekana ni fedha mfukoni. Sisi pia hukatwa mchango wa uzeeni kwenye mshahara, na hati ya mshahara huonyesha umekatwa. Hati hiyo haionyeshi kama mwajiri ameufikisha kwenye mfuko. Hilo huonekana kwenye taarifa ya mfuko wenyewe. Iombe, uisome, uilinganishe mwezi kwa mwezi.

Tatu, ulizeni mapema. Deni la mwezi mmoja mwajiri anaweza kulilipa. Deni la miaka kumi atalipeleka mahakamani, na huko mtakuta wengine wametangulia.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

1. Kiwanda chetu au shamba letu likifungwa kesho, sheria ya nchi yetu inasema nani alipwe kwanza: benki, serikali, au wafanyakazi wanaodai mishahara na kiinua mgongo?

2. Ni wanachama wangapi wa tawi wameona taarifa ya michango yao mwaka huu? Wahesabiwe kwa kunyoosha mikono.

3. Mwajiri akisema hali ni ngumu na kuomba tupunguze madai, tutamwomba atuonyeshe hesabu zipi kabla ya kujibu?

4. Katika mji au kijiji tunachoishi, nani kati yetu amewahi kuhudhuria kikao cha halmashauri cha kupitisha bajeti?

Katibu wa tawi aandike majibu ya swali la 2 kwa majina na miezi isiyolipwa, na karatasi hiyo aje nayo kwenye mkutano ujao wa wilaya. Tutaanza nayo.