Tusiwaambie Watoto Uongo Wakati wa Maradhi

Somo letu la leo lahusu watoto wadogo, wa miaka mitatu hata minane, na hofu iwaingiayo wakati wa maradhi ya kuambukiza. Juu ya wakubwa pamesemwa mengi. Juu ya hawa wadogo hapakusemwa sana, kwani mtoto hudhaniwa kuwa hana habari.

Habari anayo. Mwezi wa Machi 2020, maradhi ya Korona yalipoingia Kenya, skuli zilifungwa na misikiti ikafungwa, na usiku watu wakakatazwa kutoka. Mwezi wa Mei, ndani ya Ramadhani, Mji wa Kale wa Mombasa ukazuiliwa kuingia na kutoka. Mtoto wa miaka mitano aliyaona hayo yote: baba yu nyumbani mchana kutwa, mama anong'ona, tarawehe haiendwi. Sababu hakuambiwa. Na mtoto asiyeambiwa sababu hujitungia yake, na aghalabu huwa mbaya kuliko ile ya kweli.

Ndipo aliyekwisha acha kukojoa kitandani huanza tena. Mwingine haliachi vazi la mamake, au hulalamika tumbo pasina ugonjwa. Wako wazazi wampigao, na wako wampelekao akaandikiwe hirizi wakidai ana shetani. Twasema wazi: hana shetani, ana hofu. Na hirizi shingoni haimjibu swali lake.

Katika siku zile tulisikia maneno mawili majumbani ambayo yafaa tuyatazame. La kwanza: "Usimkaribie nyanya, utamwua." Kujitenga na mzee kulikuwa na haja, hatubishi. Lakini nyanya akifa, hata kwa maradhi mengine, mtoto huyo aamini kuwa yeye ndiye muuaji, kwani katika umri huo hawezi kupambanua alilolitenda na lililotukia. Yapasa aambiwe: "Nyanya alikuwa mgonjwa. Wewe hukumfanya neno." Naye atauliza tena kesho na keshokutwa. Huo si utundu, ndivyo mtoto afahamuvyo, kidogo kidogo. Basi ajibiwe vile vile kila mara.

Neno la pili: "Nyanya amesafiri." Mtoto akangoja mlangoni, na siku babake aliposhika mkoba wa safari, akapiga mayowe. Amepokea Abu Daud kuwa Abdallah bin Amir, alipokuwa mdogo, aliitwa na mamake kwa ahadi ya kupewa kitu. Mtume (s.a.w.) akamwuliza mama yule alikusudia kumpa nini, naye akajibu kuwa ni tende. Mtume akamjulisha kwamba lau asingempa kitu, angeandikiwa uongo. Ikiwa hayo ni kwa tende moja, je, kifo cha nyanya? Mtoto aambiwe kwa maneno mepesi: amekufa, mwili wake hauli wala hautembei tena, na roho imerejea kwa Mola wake.

Wengine huona haya kulia mbele ya watoto, wakidhani machozi ni upungufu wa imani. Mtume alilia alipokufa mwanawe Ibrahim. Baba akilia si kosa. Amweleze mwanawe aliacho.

Tena twajua habari ya Abu Umayr, ndugu mdogo wa Anas bin Malik, aliyefiwa na kindege chake. Mtume alipomwona ana huzuni hakumpuuza. Alimwita kwa kunya yake, kama aitwavyo mtu mzima, akamwuliza habari za ndege yule.

Ama nyumbani, saa zisivurugike: kula, kulala na sala ziwe kwa wakati wake. Sala ya jamaa isimamishwe chumbani, na mtoto apewe kazi ya kutandika msala. Habari za vifo zisisikizwe mbele yake mchana kutwa. Na haya yote yasiachiwe mama peke yake; mama aliyechoka hawezi kumtuliza mtu. Wala tusisahau kuwa nyumba isiyo na unga haitulizwi kwa nasaha. Jirani mwenye uwezo aanze na chakula, nasaha baadaye.

Skuli zilipofunguliwa kwa wanafunzi wote Januari 2021, watoto wengi walirudi wakiwa wamefiwa. Maradhi yakitufunga tena, mwalimu wa chuo, siku ya kwanza ya kurejea, kabla ya kumsikiza mtoto sura aliyohifadhi, amwulize kwanza nani hayupo nyumbani kwao.