Kazi huipendi, masomo yanakubana: Uache au uendelee?

 

Ndugu msomaji, mimi ni mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu katika shule ya sekondari hapa Dar es Salaam. Vijana niliowafundisha hunirudia wakiwa wameshaingia chuo, na katika maswali wanayoniletea liko moja ambalo halikosi kila mwaka. Kijana anasoma masomo ya muda wote, yale ya kuingia darasani mchana kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Wakati huohuo ameajiriwa. Kazi yenyewe haipendi, haimfundishi kitu na haina mbele. Anauliza: "Ustadhi, niache kazi au nivumilie?"

Wengi wanaoulizwa hujibu haraka. Mmoja husema, "Acha, Mungu atakuruzuku." Mwingine husema, "Vumilia, kazi hazipatikani siku hizi." Majibu yote mawili yanaweza kuwa sahihi, na yote mawili yanaweza kumwangamiza kijana wa watu. Naomba leo tulitazame suala hili kwa utulivu, kwa mizani ya dini yetu na kwa hesabu.

Kwanza, ni kazi ya aina gani?

Kabla ya kuuliza kama kazi inapendeza, tuulize hukumu yake. Anayeuza pombe, au anayekaa katika kibanda cha kubetia akipokea pesa za wacheza kamari, suala lake si masomo. Huyo anatakiwa atafute njia ya kutoka hata kama hasomi popote. Kadhalika yuko mwenye kazi halali lakini anadhulumiwa: mshahara haulipwi, au anazuiwa kusali. Huyo naye ana shauri lake, nalo ni kudai haki yake au kuhama.

Ninayemzungumzia hapa ni wa tatu, na ndio walio wengi. Kazi yake ni halali, mshahara mdogo unapatikana, ila moyo haupo. Anapanga mabati, anauza vipuri, anajibu simu za wateja, huku akili yake iko kwenye kitabu.

Kwa huyu nasema hivi: kutoipenda kazi peke yake si sababu ya kuidharau. Katika hadithi aliyoipokea Imam Bukhari, Mtume (s.a.w.) alieleza kuwa hakuna Nabii aliyeletwa ila alichunga kondoo, na kwamba yeye mwenyewe aliwachungia watu wa Makka kwa malipo. Kuchunga hakukuwa mwisho wa safari yao. Ilikuwa ni kazi ya kupita, iliyowalisha na kuwafunza subira. Basi asione mtu haya kwa kazi ya kupita.

Lakini hapa ndipo penye jambo lenyewe. Ipo subira, na upo udanganyifu unaovaa kanzu ya subira.

Mikataba miwili, mtu mmoja

Kijana aliyeajiriwa na wakati huohuo kusajiliwa chuoni ana mikataba miwili. Mwajiri amenunua saa zake. Chuo kimempa nafasi ambayo mwingine ameikosa, na kama anapokea mkopo wa serikali, lile "bumu" limetoka katika fedha za umma. Mwenyezi Mungu (s.w.) anawaamrisha waumini kutimiza mikataba (5:1). Tena katika Surat al-Mutaffifin (83:1-3) ametoa onyo kali kwa wale ambao wakipimiwa hutaka kipimo kamili, na wao wakipima hupunguza.

Sisi tumezoea kuisoma sura hii tukimfikiria muuza mchele mwenye mizani mbovu. Hebu tumfikirie na mtu anayepokea mshahara wa saa tisa ilhali saa tatu alikuwa chini ya kaunta anasoma handauti. Tumfikirie na anayemwomba mwenzake amwekee sahihi ya mahudhurio darasani, naye yuko dukani. Huyu anampunja mwajiri, anapunja chuo, kisha anajisifu kuwa anavumilia. Mwisho wa semista anakuta ana "sapu" tatu, au "amedisko" kabisa, na kule kazini ameshapewa barua ya onyo.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: Je, ninaweza kutimiza mikataba yote miwili bila kuiba katika wowote? Kama jibu ni ndiyo, vumilia hata kama kazi haina ladha. Kama ni hapana, mmoja lazima upunguzwe au uachwe, tena kwa uwazi.

Tupige hesabu

Jibu la swali hilo halipatikani kwa hisia. Chukua karatasi. Wiki ina saa 168. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki. Kwa upande wa masomo, utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) unahesabu kuwa mwaka mmoja wa shahada ya kwanza una krediti 120, na kila krediti moja ni saa 10 za mwanafunzi, yaani mihadhara, semina, kujisomea na kazi za nyumbani. Hizo ni saa 1,200. Ukizigawa katika wiki kama 30 za semista mbili, unapata saa 40 kwa wiki.

Jumlisha: kazi 45 na masomo 40 ni saa 85. Ukilala saa saba kila usiku, hizo ni 49. Zinabaki 34 kwa wiki nzima. Anayekaa Mbagala au Gongo la Mboto na kutumia saa tatu kwa siku kwenye daladala, kwa siku sita zinaondoka saa 18. Zinabaki 16, yaani saa mbili na dakika chache kwa siku, ndani yake kuna sala tano, kula, kufua, kumjulia hali mgonjwa na kukaa na wazazi. Hapo sijataja kwamba saa za kazi na za mihadhara zinagongana, kwa kuwa zote ni za mchana.

Salman (r.a.) alipomkuta Abu Dardaa (r.a.) anafunga mchana na kusimama usiku kucha hadi kumsahau mkewe, alimkumbusha kuwa Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki na ahali zake wana haki, basi kila mwenye haki apewe haki yake. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.), alisema Salman amesema kweli. Ikiwa ibada ya sunna iliwekewa mpaka namna hii, sembuse kazi ya dukani.

Sayyidna Umar na zamu

Wapo watakaosema basi kazi na elimu havikai pamoja. Hapana. Sayyidna Umar bin al-Khattab (r.a.) alikuwa akikaa pembezoni mwa Madina, mbali na msikiti. Imepokewa katika Bukhari kuwa yeye na jirani yake wa Kiansari walipeana zamu. Siku moja huteremka huyu kwa Mtume (s.a.w.), siku ya pili huteremka yule, na kila aliyekwenda humletea mwenzake habari za wahyi na mambo mengine ya siku hiyo.

Tuyazingatie mafunzo yaliyomo humu. Umar hakuacha shughuli zake, wala hakuacha elimu. Lakini pia hakudai kuwa yuko sehemu mbili kwa siku moja. Alipanga. Na Abu Huraira (r.a.) alichagua njia nyingine: wakati Muhajirina wakishughulika sokoni na Ansari wakishughulikia mali zao, yeye aliambatana na Mtume (s.a.w.) akitosheka na cha kujaza tumbo, na matunda ya chaguo lake tunayala hadi leo. Dini haikumlaumu huyu wala yule. Kila mmoja alijua anatoa nini na anapata nini.

Mwanafunzi wetu naye ana njia zaidi ya mbili. Anaweza kumwomba mwajiri abaki na Jumamosi na Jumapili kwa mshahara pungufu. Anaweza kuahirisha masomo mwaka mmoja kwa kufuata taratibu za chuo, aweke akiba, kisha arudi. Anaweza kuhamia masomo ya jioni au Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu wa namna hiyo. Kuacha kabisa ni njia mojawapo tu.

Mimi mwenyewe nilipokuwa chuo nilifanya kazi katika kiduka cha kutoa fotokopi. Sikuipenda hata siku moja. Joto la mashine na kelele za wateja wakati wa mitihani nazikumbuka mpaka leo. Mwaka wa pili ratiba ilipobana, nilimwonyesha mwenye duka ratiba yangu, tukakubaliana siku mbili za wiki na malipo kidogo. Nilikula maharage mengi mwaka ule, lakini nililala vizuri.

Vipi kuhusu wanaokutegemea?

Hapa ndipo pagumu. Mtume (s.a.w.) ametahadharisha, katika hadithi iliyomo katika Abu Daud, kuwa yatosha kuwa dhambi kwa mtu kuwatelekeza wanaomtegemea. Basi mwenye mke na mtoto, au mama mjane, haachi kazi kwa sababu tu amechoka.

Lakini naye asikisie. Kijana mmoja wa mwaka wa pili, muuza vipuri Kariakoo, aliniambia hawezi kuacha kwa kuwa mama yake na wadogo zake wanategemea mshahara wake wote wa laki mbili. Nikamuuliza, "Mama amekuambia hivyo?" Akasema hajawahi kumuuliza. Nikamwambia aende akamshauri, maana Qur'an imewasifu waumini kwa kushauriana katika mambo yao (42:38), na mama ndiye wa kwanza. Alirudi na jibu ambalo hakulitarajia. Mama anauza vitumbua na chakula cha nyumbani kinatoka humo. Anachohitaji kwa mwanawe ni elfu sabini kwa mwezi, za umeme na mahitaji ya shule ya mdogo wake. Hofu ya laki mbili ikawa deni la elfu sabini, na elfu sabini inaweza kutafutwa kwa siku mbili za wiki. Ndivyo alivyomwomba tajiri yake, naye akakubali. Kazi bado haipendi, lakini mahudhurio yake darasani sasa anayasaini mwenyewe.

Tawakkul na istikhara

Wanaoruka bila hesabu hupenda kutaja ahadi ya Mwenyezi Mungu kuwa amchaye humpa njia ya kutokea na kumruzuku asipotazamia (65:2-3). Ahadi hiyo ni ya kweli, hatuna shaka. Lakini tuisome sura yenyewe tangu mwanzo. Ni Surat at-Talaq, na aya yake ya kwanza inaamrisha kuhesabu eda. Amri ya kuhesabu imetangulia, ahadi ya riziki ikafuata.

Na istikhara isifanywe ramli. Katika hadithi ya Jabir (r.a.), mtu anapokusudia jambo ndipo anaposali rakaa mbili zisizo za faradhi na kuomba. Maana yake fikra na ushauri vimeshapita, nia imeshaelekea upande mmoja. Hadithi haikutaja kusubiri ndoto. Omba, kisha piga hatua, na uridhike na atakachokukadiria Mola wako.

Ukiamua kuondoka, ondoka kwa wema

Usikimbie kazi. Kwa mwenye kulipwa kwa mwezi, sheria inataka notisi isiyopungua siku 28, kwa maandishi. Kabidhi ufunguo, stoo na hesabu. Dai mshahara wako, likizo uliyolimbikiza na cheti cha utumishi, maana ni haki yako. Fahamu pia kuwa kiinua mgongo cha kisheria hulipwa pale mwajiri anapositisha ajira, hivyo anayeacha mwenyewe asikiweke katika bajeti yake. Kuwe na akiba ya nauli na chakula mpaka mwisho wa semista kabla hujatia sahihi barua.

Neno la mwisho ni kwa matajiri wetu. Imam Abu Hanifa alikuwa mfanyabiashara wa nguo. Alipoona mwanafunzi wake Abu Yusuf anavutwa atoke darasani akatafute riziki kwa sababu ya ufukara wa kwao, alimkimu kwa mali yake. Kijana yule akaja kuwa Kadhi Mkuu zama za Harun ar-Rashid. Leo wapo Waislamu wenye maduka kuanzia Kariakoo hadi Tandika, na nyuma ya kaunta zao wamesimama vijana wenye vitambulisho vya chuo mfukoni. Kumpangia mmoja wao zamu ya mwisho wa wiki hakutafilisi duka.

Ewe Mola, turuzuku riziki ya halali na elimu yenye manufaa, na utuepushe na kupunja haki za watu.

Wabillahi tawfiq.