Mboji ya Bustani

Wilaya ya Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, hupata mvua nyingi. Mvua hiyo hustawisha mpunga, migomba na mikakao. Lakini maji yapenyayo ardhini huchukua pia chumvichumvi zinazolisha mimea, na bustani hupungukiwa rutuba.

Mabaki ya mimea huweza kurudisha rutuba hiyo. Maganda ya kakao, kwa mfano, yana potasiamu nyingi. Yakichomwa moto, naitrojeni yake hupotea hewani. Yakiozeshwa vizuri, huwa mboji.

Jaribio
1. Chagua mahali palipoinuka, pasipotuama maji.
2. Panga matabaka ya maganda ya kakao yaliyokatwakatwa, majani mabichi na samadi. Usitie plastiki.
3. Funika biwi kwa majani ya migomba.
4. Baada ya siku chache, chomeka kijiti katikati ya biwi. Kichomoe, ukiguse. Joto hilo hutokana na bakteria na kuvu wanaoozesha mabaki.
5. Geuza biwi mara kwa mara ili hewa iingie.

Mboji iliyo tayari huwa nyeusi na hunukia kama udongo.

Maswali
1. Kwa nini tunafunika biwi?
2. Panda mchicha katika matuta mawili, moja lenye mboji na jingine lisilo nayo. Andika tofauti uionayo kila juma.