Usugu ni wa Nani? Istilahi ya Kiswahili na Maji ya Migori na Homa Bay

Utangulizi

Makala haya yanachunguza kauli iliyozoeleka miongoni mwa wagonjwa: "Mwili umezoea dawa." Yanadai kwamba kauli hiyo inapotosha, na kwamba upotofu huo unadhihirika katika maji ya kaunti za Migori na Homa Bay, magharibi mwa Kenya.

Kinachotokea

Kisayansi, mwili hauzoei antibiotiki. Wanaobadilika ni bakteria. Dawa inapotumiwa, bakteria dhaifu hufa, na wachache wenye jeni za kuihimili husalia na kuzaana. Aidha, bakteria hupokezana jeni hizo, hata baina ya aina tofauti, kupitia vipande vya DNA viitwavyo plasmidi. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alitahadharisha kuhusu usugu huu mapema, mwaka 1945.

Mto na ziwa

Mto Kuja, unaopokea maji ya Mto Migori, huishia katika Ziwa Victoria. Mji wa Homa Bay nao uko kando ya Ghuba ya Winam ya ziwa hilohilo. Kinyesi cha watu na mifugo kinapoingia majini, huweza kuingiza bakteria waliokwisha kukutana na dawa. Mkurupuko wa kipindupindu wa mwaka 2015, ulioathiri kaunti zote mbili, ulikumbusha jinsi uchafu huo unavyoweza kumfikia mnywaji. Isitoshe, wachimbaji wadogo wa dhahabu katika eneo la Macalder, Migori, wamekuwa wakitumia zebaki. Zebaki si antibiotiki, lakini jeni za kuihimili mara nyingi hukaa katika plasmidi moja na jeni za kuhimili dawa. Kwa hivyo, palipo na zebaki, usugu dhidi ya dawa huweza kudumu hata bila dawa.

Basi mtoto asiyewahi kumeza kidonge hata kimoja anaweza kunywa bakteria sugu mtoni. Mwili wake umezoea dawa gani?

Tatizo la istilahi

Chanzo cha upotofu kimo katika lugha pia. "Sugu" ni ngozi iliyokuwa ngumu kwa kusuguliwa mara kwa mara. Taswira yenyewe ni ya mwili uliozoea. Istilahi "usugu wa dawa" haisaidii, kwani a-unganifu huweza kufasiriwa kuwa dawa ndiyo sugu. "Usugu wa bakteria dhidi ya dawa" ni ndefu, lakini humtaja mhusika halisi.

Hitimisho

Mwaka 2019, usugu huu ulikadiriwa kusababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani. Anayeamini kuwa mwili wake ndio uliozoea atatafuta dawa kali zaidi. Anayeelewa kuwa bakteria ndio sugu ataona kwa nini choo ni kinga, na kwa nini maji yachemshwe, kwani bakteria sugu hufa katika maji yanayochemka sawa na wenzao. Istilahi sahihi, kwa hivyo, si pambo la kamusi. Ni sehemu ya tiba.